Laini Ndiyo Ufunguo

Mwizi wa siku hizi havunji mlango. Mkulima wa Kibosho au Marangu hupigiwa simu na mtu mwenye sauti ya heshima, akaombwa asome tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake. Akisha kuzitaja, akaunti yake ya WhatsApp huhamia mikononi mwa laghai, naye hufungiwa nje. Punde kundi la ukoo, lile linalopanga mazishi na safari za Desemba za kurudi Kilimanjaro, huombwa fedha kwa jina lake. Ndugu aliyeko Unguja au Pemba akisoma kwamba mgonjwa amelazwa KCMC, atauliza nini tena? Hutuma.

Hii ni dhuluma, wala hatukubaliani na wanaomcheka aliyetendewa kwa kumwita mshamba. Wasomi wa maofisini nao hunaswa.

Njia ya kuirejesha akaunti ipo. Mwenye namba aiingize upya katika WhatsApp kwenye simu yake. Tarakimu sita mpya zitakuja kwa laini yake, na akiziandika, laghai hutolewa. Ikiwa laghai amekwisha kuweka namba yake ya siri, mwenyewe atangoja siku 7 ndipo aingie; hata hivyo, laghai huwa ameshatoka. Wakati huo awapigie jamaa simu wasitume kitu, na akisha kuingia aweke namba ya siri yake mwenyewe.

Lakini aliyepoteza laini atazipokea wapi tarakimu hizo? Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Tangu hapo mwenye laini hujulikana kwa kidole chake na kitambulisho cha Taifa. Utaratibu ni mwema. Ila kidole cha mzee aliyeshika jembe kihambani miaka 50 hakisomeki kwa urahisi. Akikataliwa na mashine ya wakala huko Rombo, huanza safari ya kuteremkia Moshi mjini, na siku zote anazohangaika, jina lake linaendelea kukopa.

Tunaitaka Mamlaka ya Mawasiliano iyabane makampuni ya simu yapeleke huduma ya kurudisha laini vijijini siku za gulio, na utaratibu wa wazee wasiosomeka vidole utangazwe waziwazi, Bara na Visiwani. Watendaji wa vijiji na masheha walibandike tangazo hilo kwenye mbao zao, pamoja na *106#, ambayo mwananchi huipiga kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.