Maswali tuliyoyatafsiri jioni moja

Mwanzoni mwa 2024, majuma machache baada ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, rafiki yangu anayesoma sayansi za siasa alikuwa anaandaa kazi yake ya mwisho wa masomo. Alitaka kujua kama akina mama wanaouza katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, wana imani na wale wanaowatawala. Maswali yake yalikuwa kwa Kifaransa, sawa na silabi zake zote na mitihani yake yote. Jioni moja aliniletea karatasi: "Wewe ni mtu wa lugha, uniwekee hii katika Kiswahili. Kesho asubuhi ninaenda sokoni."

Nilimaliza kwa saa mbili, na nilijisikia vizuri. Kilikuwa Kiswahili safi, chenye upatanisho wa ngeli usio na kasoro. Swali la kwanza lilisema: "Je, una imani na dola?"

Asubuhi yake nilimsindikiza. Mama mmoja muuza sambaza alisikiliza swali, akatutazama kama watoto, akajibu: "Kama haiyapasuka, ninaiamini." Rafiki yangu akaweka alama kwenye "ndiyo". Mama wa pili akasema inategemea mwaka wa noti. Hapo ndipo tuliposhtuka. Kamusi inasema dola ni nchi yenye mamlaka yake, na haidanganyi. Lakini katika soko la Kadutu dola ni ile ya Marekani, na kila mtu anajua kwamba ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha hakuna atakayeipokea. Wale mama walitupatia majibu sahihi kabisa kuhusu hali ya noti.

Tulicheka. Tukafuta "dola", tukaandika "leta", neno ambalo watu wa hapa wanalitumia tangu zamani, na ambalo majirani zetu wa Rwanda na Burundi wanalo pia. Majibu yakabadilika mara moja. "Leta si mtu wa kuaminia," mama mmoja alituambia, "leta ni wa kulipa." Kwake leta ni yule anayepita kila siku kudai kodi ya meza. Kumuuliza kama anamwamini ni kama kumuuliza kama anaiamini mvua. Sasa jibu hilo utaliweka wapi kwenye karatasi yenye visanduku vitano, kutoka "sana" hadi "hapana kabisa"? Rafiki yangu aliliweka kwenye "hapana kabisa". Mimi ninaona kwamba halikuwa mle. Lilikuwa maelezo ya leta ni kitu gani, yaani somo lenyewe la sayansi za siasa, na sisi tulilifanya alama ya kalamu.

Hadi hapo ni kichekesho. Swali la nne halikuwa kichekesho. Kwa Kifaransa liliuliza kama mtu anajisikia kuwa na moyo wa kupenda nchi yake. Mimi niliandika: "Je, wewe ni mzalendo?" Mama tuliyemwuliza aliacha kupanga mafungu yake ya nyanya. Aliuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyetutuma. Kisha akasema hana mtoto wa kiume nyumbani, jambo ambalo hatukumwuliza. Katika kamusi mzalendo ni mpenda nchi. Katika Kivu ya sasa Wazalendo ni watu wenye silaha, na kumwuliza mtu hadharani, ukiwa na karatasi na kalamu mkononi, kama yeye ni mmoja wao, ni kumweka mahali ambapo jibu lolote linaweza kumletea matatizo. Tulimwomba msamaha, tukaondoka. Bado ninaona aibu, kwa sababu neno lile nililichagua mimi.

Ninasimulia haya kwa sababu nasikia mara nyingi, hata katika kitivo chetu, kwamba tafsiri ni kazi ndogo inayofuata baada ya utafiti, kama kupiga chapa au kubana kurasa. Katika sayansi za siasa tafsiri ni utafiti wenyewe. Mwanafunzi anakaa miaka akijifunza kwa Kifaransa mamlaka, uraia, uhalali wa utawala, ugatuzi. Halafu anaingia kata ambayo watu wake wanayafikiria mambo hayo kila siku kwa maneno mengine, yenye historia nyingine. Chukua "raia". Katika silabi ni mtu mwenye haki na wajibu mbele ya sheria. Mtaani kwetu raia ni kwanza yule asiye askari. Ndiyo sababu wale waliochukua silaha huko Shabunda mwaka 2005 walipojiita Raia Mutomboki, jina hilo lilisema jambo zito: wasio askari wamekasirika. Ukilitafsiri "wananchi wenye hasira" umepoteza nusu ya hoja yao, uikubali au uikatae.

Rafiki yangu alifika mbele ya wasahihishaji wake. Alikuwa ameweka majibu ya Kiswahili chini ya kila jedwali, pamoja na ile sentensi ya leta. Mmoja wao alimwambia ayaondoe, kwa kuwa yanachafua kazi ya kisayansi, na abakize Kifaransa tu. Aliyaondoa, apate alama zake. Simlaumu. Lakini sasa atakayeifungua kazi hiyo atakuta asilimia za imani na kutokuwa na imani, bila kujua swali liliulizwa kwa maneno gani.

Najua pingamizi, nyingine nimezisikia kwa rafiki huyo huyo. Darasani mwake kuna watu wa Kinshasa na Mbuji-Mayi, na Kifaransa ndicho kinachowaunganisha. Vitabu vyao ni vya Kifaransa na Kiingereza. Ni kweli. Na wanaodhani kwamba Tanzania imekwisha kulitatua wakumbuke kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha sayansi za siasa kwa Kiingereza, ijapokuwa nchi hiyo imefanya siasa yake kwa Kiswahili tangu enzi za Nyerere. (Mtu huyo alipotafsiri mchezo wa Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, aliuita *Mabepari wa Venisi*. Alijua kwamba kuchagua neno ni kuchagua upande.) Siombi shahada nzima ifundishwe kwa Kiswahili kesho.

Ninaomba mambo mawili. Kazi yoyote ya sayansi za siasa iliyofanywa na watu waliohojiwa kwa Kiswahili ibebe maswali na majibu ya Kiswahili ndani yake, si kama pambo la mwisho. Na mfumo mpya wa LMD, ambao unahesabu masomo kwa krediti, utoe krediti kwa somo moja la pamoja kati yao na sisi, ambamo maswali yanajaribiwa kwa watu kabla ya kupelekwa sokoni. Si hisani. Katiba ya 2006, kifungu cha 142, inaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha nne za taifa katika siku 60. Nani atakayeifanya kazi hiyo, kama si hawa wanaosomea utawala, wakisaidiwa na hawa wanaosomea lugha?

Na sisi tusijifiche. Katika idara yetu tunaweza kubishana juma zima kuhusu ngeli ya neno moja, lakini hatujawahi kukaa na kuandika jinsi watu wa Kadutu au Panzi wanavyosema "kura", "chama", "haki". Kosa la "dola" na la "mzalendo" lilikuwa la mwanafunzi wa lugha, si la mwanafunzi wa siasa.

Siku hizi tunakutana Jumamosi mchana, yeye, mimi na mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili, tukiyapitia yale maswali upya. Swali la kwanza tumelipata: "Leta inakufanyia nini, na wewe unaifanyia nini?" Halina visanduku. La nne bado linatushinda. Tumejaribu "kupenda inchi", na mama yake, tuliyemjaribia, aliuliza: "Inchi gani, udongo ao watu?" Tumeliandika jibu lake kama alivyolisema.