Maoni: Anayeanza golfu asinunue mfuko mzima wa fimbo

LUBUMBASHI – Katika mji huu, wengi wanajua Golf kama mtaa wa nyumba kubwa kuliko kama mchezo. Lakini kijana anayebeba mifuko ya wachezaji ili apate franka za unga, awe mwenyeji ao wa familia iliyohama vita, siku moja naye hutamani kupiga mpira.

Hapo ndipo kosa linaanza. Anaambiwa atafute kwanza mfuko mzima wa fimbo, hata kama pesa hizo ni za kodi ya nyumba ao za masomo ya wadogo zake. Nani alisema ni lazima? Sheria ya golfu inakataza kubeba fimbo zaidi ya 14. Haikatazi kubeba moja.

Seve Ballesteros wa Uhispania alijifunza utotoni kwa fimbo moja ya chuma, namba 3, kwenye mchanga wa ufuo wa Pedreña. Baadaye alishinda British Open mara 3. Papwa Sewgolum wa Durban alianza kwa kubeba mifuko. Hakufundishwa na mtu, mikono yake ilishika fimbo kinyume na wengine, na bado alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959. Aliposhinda yale ya Natal mwaka 1963, alipewa kombe nje, mvua ikinyesha, kwa sababu ubaguzi wa rangi ulimzuia kuingia nyumba ya klabu.

Basi fimbo moja iliyotumika, hata namba 7, inatosha. Na aanzie karibu na shimo. Wengi wanakimbilia kupiga mbali ili watu washangae, kumbe hesabu iko kwingine: uwanja wa mashimo 18 wenye mipigo 72 unahesabu mipigo 2 ya kusukuma mpira kwa kila shimo. Hiyo ni 36, nusu nzima! Shimo lina upana wa milimita 108. Kopo la maziwa ya unga lililofukiwa kwenye udongo uliofagiliwa linakaribia upana huo. Mazoezi hayo hayalipiwi.

Ila mpira wa golfu ni mgumu, karibu gramu 46, unaweza kupofusha mtoto. Kambini, ambako mahema yamebanana, asukume tu chini. Asiupige hewani hata mara moja.

Viongozi wa viwanja nao wafikiri. Marekani kuna klabu ambazo huwaachia wabeba mifuko wacheze Jumatatu, siku ambayo wanachama hawapo. Huku kwetu jambo hilo lingegharimu nini? Kijana naye, kabla ya kutoka, arudishe kila kipande cha majani alichong'oa na akikanyage vizuri. Mlinzi akikuta uwanja uko safi, Jumatatu nyingine hatakuwa na sababu ya kumfukuza.