Upayo Tuuite kwa Jina Lake

Lugha yetu haikutunyima maneno ya kuyataja maradhi ya ulimi. Inalo payo, ambaye ni mtu asiyejua kufumba kinywa, na kazi yake ni upayo. Inalo kupayuka, inalo kuropoka, inazo porojo na domo. Na mbali na hayo yote, mahali pa heshima, inao ulumbi, ambao ni ustadi wa msemaji aliyejaliwa ufasaha. Ajabu ni kuwa hazina hii tumeiacha, twasema “maneno mengi” basi, tukawatia mlumbi na payo katika kapu moja.

Hiyo si insafu. Wanazuoni wa balagha, yaani elimu ya ufasaha wa usemi, walitenga ijazi, yaani maana nyingi kwa maneno machache. Na itnabu, yaani kurefusha kwenye faida. Na hashwi, yaani kurefusha kusiko na faida, neno ambalo asili yake ni kushindilia, kama tushindiliavyo sufi godoroni. Mfano wao maarufu wa itnabu ni jawabu ya Nabii Musa, alaihi salaam, alipoulizwa na Mola wake ana nini mkononi: kutaja fimbo kungalitosha, lakini akaongeza kuwa huiegemea, na huwaangushia kondoo wake majani, na anazo haja nyingine nayo, akarefusha kwa sababu alikuwa akisemezana na Mola wake, wala hakutaka mazungumzo yale yaishe. Nani atathubutu kuuita huo upayo?

Upayo ni ule nilioukuta katika barua ya ofisi moja, iliyonijia nikingoja jawabu juu ya mpaka wa shamba langu. Ilianza na “suala zima la zoezi la utekelezaji wa upimaji”, ambalo maana yake ni kupima tu, ikaendelea aya tano, na siku niliyotakiwa kufika ikazikwa katika mstari wa mwisho nyuma ya karatasi. Nilifika siku ya pili yake, nikakuta mpaka umekwisha wekwa.

Na kosa hili lazidi uzito kwa kuwa Kiswahili chenyewe kimeumbwa kwa ijazi. Neno moja, “hawatatuandikia”, limekusanya ukanushi, watendao, wakati, watendewao na tendo. Tangu waya wa simu ulipolazwa baharini kutoka Aden hadi Unguja mwaka 1879, na katika zama zote za telegramu kulipiwa kwa hesabu ya maneno, Mswahili aliweza kuwatuliza jamaa walio mbali kwa maneno matatu: “Mgonjwa hajambo, msije.”

Basi, ndugu msomaji, nakusihi ulirudishe neno “upayo” kinywani mwako. Mwanao akikuletea insha ya mvua ambayo hadi ukurasa wa tatu mvua haijanyesha, mwambie, “Mwanangu, ondoa upayo, ubakize mvua.” Mwenyekiti akiwashukuru kwa mara ya pili waliokwisha kushukuriwa, na watu wamo juani, mzee mmoja na asimame kwa adabu, aseme, “Mheshimiwa, upayo umetuzidi; tuambie kisima kitachimbwa lini.” Karani naye, kabla ya kutia sahihi, autafute upayo wake mwenyewe na kuufuta.

Lakini usimwambie hivyo mama aliyefiwa, akikusimulia mara ya kumi jinsi mwanawe alivyokuwa akicheka. Msikilize, yake ni ile fimbo ya Musa.