Mwenye Spana na Mwenye Kalamu

Wiki mbili zilizopita nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tisa ya jengo moja la ofisi jijini Dar es Salaam, kwa kuwa lifti zote mbili zilikuwa mbovu. Ghorofa ya nne nilimkuta mzee ameketi kwenye ngazi, bahasha ya karatasi za pensheni mapajani, akivuta pumzi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Tangulia, mwanangu, nitafika."

Mhandisi wa matengenezo wa jengo hilo niliwahi kumfundisha. Nilipomaliza shughuli yangu alinipeleka chumba cha mitambo, chini kabisa, mahali wasikofikishwa wageni waheshimiwa. Akanionesha pampu ya zimamoto. Pampu ya dizeli ya aina hiyo hupaswa kuwashwa kwa majaribio kila wiki. Ile ilikuwa na miezi saba bila kuwashwa, betri zake zimekufa. Akafungua daftari: maombi manne ya betri, yote yana saini ya kupokelewa, hakuna lililojibiwa.

"Mwalimu," akaniambia, "lifti ikiharibika natukanwa siku hiyo hiyo. Hii imekufa na hakuna aliyeuliza."

Katika bajeti zetu, kujenga huhesabiwa kuwa maendeleo, lakini kutunza huingizwa katika matumizi ya kawaida, na fedha zikipungua, matengenezo ndiyo hukatwa kwanza. Jiwe la msingi huandikwa jina la kiongozi. Beringi iliyobadilishwa kwa wakati haina jina la mtu. Hakuna utepe unaokatwa kwa sababu moto haukuenea.

Najua nitajibiwa kwamba fedha hazitoshi. Hata hivyo, katika miezi hiyo hiyo saba, sehemu ya mapokezi ya jengo lile ilibandikwa vigae vipya. Wala sheria haikukosekana: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003, na wajibu imeuweka kwa mwajiri. Kilichokosekana ni mamlaka ya mtu anayejua. Mhandisi huomba, anayeamua hajawahi kushuka chumba cha mitambo.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, fedha za matengenezo zitengwe tangu jengo linapoidhinishwa, na zisihamishiwe kifungu kingine. Pili, ombi la mhandisi linalohusu usalama likikataliwa, au likikaliwa kimya, mwenye dhamana aandike sababu na kutia saini. Ndugu zangu watumishi wa umma, ajali ikitokea tumezoea kumkamata mwenye spana. Tuanze kumuuliza mwenye kalamu.

Nilipokuwa nashuka siku ile, nilipishana na yule mzee ghorofa ya saba. Alikuwa bado anapanda, mkono ukutani, akiliamini jengo.