Mlima usio na geti: nani anawapokea wapanda milima Kipsing?

Matangazo ya aina hii vijana wetu wa Mombasa na Kilifi wanayajua: Jumamosi tunakwenda mlimani, nauli tunachangiana, kila mtu na maji yake, kiongozi ni mmoja wetu na halipwi. Wengi walianza na Shimba Hills na maporomoko ya Sheldrick. Wakaenda Kasigau, wakaenda Vuria kule Taita, na wenye pumzi zaidi wamefika Ololokwe, lile jabali la Samburu karibu na Archers Post. Ni jambo zuri. Mpwani anaijua nchi yake kwa miguu badala ya kuichungulia kwa dirisha la basi la Nairobi.

Sasa macho ya wapenda safari yakigeukia magharibi ya mji wa Isiolo, kwenye vilima vya Kipsing na Oldonyiro, kuna jambo linafaa kuzungumzwa kabla ya viatu kufungwa kamba. Na linatuhusu sisi wa Pwani zaidi kuliko tunavyodhani.

Tuanze na huu mtindo wa kujitolea. Klabu kongwe inayoufuata hapa Kenya ni Mountain Club of Kenya, iliyoanza 1949 na yenye makao kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Wanaoongoza safari zake ni wanachama wenyewe. Kuna mwanachama mmoja, Ian Howell, ambaye mwaka 1970 alikwea kilele cha Nelion cha Mlima Kenya peke yake mara 13 akibeba vipande vya mabati na mbao, mpaka akajenga kibanda kidogo juu kabisa ili mpandaji akizidiwa na usiku apate pa kujibanza. Hakuna mshahara unaoweza kumtuma mtu kazi kama hiyo. Moyo ndio uliomtuma.

Lakini tazama mlima wenyewe. Mlima Kenya ni hifadhi ya taifa. Kuna geti, kuna ada, kuna askari wa KWS, kuna waongozaji na wapagazi wanaoishi kwa kazi hiyo, na mtu akipotea kunajulikana pa kupiga simu. Yule wa kujitolea anasimama juu ya watu wengi wanaolipwa. Ndiyo maana safari inaweza kuwa rahisi na bado ikawa salama.

Kipsing hakuna geti. Ni nchi ya wafugaji, Wasamburu na Waturkana kwa wingi, yenye vilima vya mawe, miiba, na laga, ile mito ya mchanga inayokauka miezi mingi. Mgeni akiona njia nyembamba anadhani ni njia ya matembezi. Ni njia ya mbuzi kwenda majini. Shimo la maji analolikuta limechimbwa kwenye mchanga kwa mikono, na kuna familia inayolitegemea jioni hiyo. Watu 30 wakijaza chupa zao pale, hawajaiba kwa nia mbaya, lakini kuna ng'ombe watakaolala na kiu.

Na laga si ya kuchezea. Mvua inanyesha kwenye nyanda za juu za Laikipia, mbali na macho yako, kisha maji yanashuka kwa kishindo chini ya jua kali. Wakenya tumeshaona hatari ya aina hiyo. Aprili 2012, kwenye korongo la Hell's Gate kule Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana saba wa kikundi cha kanisa waliokuwa matembezini. Septemba 2019, korongo hilohilo, watu saba tena. Na pale ni hifadhi, yenye geti na askari. Kule Kipsing, anayejua kusoma wingu la Laikipia ni mzee wa boma au kijana anayechunga. Kiongozi wa kujitolea kutoka mjini, hata awe hodari vipi wa ramani ya simu, hana elimu hiyo.

Kwa hiyo kikundi kikifika bila mwenyeji, kinamtegemea mwenyeji hata hivyo. Ndiye atakayewaonyesha maji. Ndiye atakayeacha mifugo yake kumtafuta msichana aliyepotea saa moja usiku. Sehemu ile inapakana na Samburu na Laikipia, kaunti mbili kati ya zile sita ambazo serikali ilipeleka operesheni ya usalama Februari 2023 kwa sababu ya majambazi na wizi wa mifugo. Anayejua ni bonde gani lisiingiwe wiki hii ni yeye, na chifu wake. Kazi hiyo yote anaifanya bure, hakuulizwa kama anajitolea, na jina lake halimo kwenye picha zitakazowekwa Jumapili usiku. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji ndiye anayetoka jasho.

Nimesema jambo hili linatuhusu. LAPSSET, mradi uliozinduliwa Lamu Machi 2012 na Rais Kibaki akiwa na Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini, haukuwa wa bandari peke yake. Ulichora pia miji ya kitalii: Lamu, Turkana, na Isiolo. Ule wa Isiolo ulipangiwa Kipsing Gap. Bandari yetu ilianza kazi Mei 2021. Wavuvi wa Lamu walilazimika kwenda kortini, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu ilikuja baada ya bahari kuguswa. Wale wa Kipsing bado wana nafasi ya kusema kabla.

Na sheria iko upande wao, kwenye karatasi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii lazima ukubaliwe na theluthi mbili ya mkutano wa jamii. Lakini ardhi ambayo haijasajiliwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wananchi, na sisi tuliozaliwa kando ya fukwe tunajua "kwa niaba" inaweza kufika wapi. Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi za jamii upande wa Merti, kaunti hiyohiyo, zilianzishwa bila kufuata katiba, baada ya wananchi kulalamika kuwa hawakushirikishwa. Watu wa kule hawana tena subira na mgeni anayekuja na nia njema bila kubisha hodi.

Mtu atasema kikundi cha vijana 30 wenye mabegi mgongoni si hoteli. Kweli. Lakini mazoea huanza na wadogo. Kilima kikishazoeleka kuwa cha bure, chenye jina jipya alilokipa kijana wa Nairobi na picha elfu mtandaoni, mwekezaji anayekuja baadaye anakuta mahali "palipo wazi". Kinyume chake pia ni kweli. Kilima ambacho kila kikundi kilipanda kwa ruhusa ya wazee, kwa mwongozaji wa hapohapo aliyelipwa na kuandikwa, kina ushahidi wa wenyewe.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kaya Kinondo, pale Diani, mgeni haingii peke yake. Anafungwa kitambaa cheusi kiunoni, anaongozwa na Mdigo wa pale, anaambiwa asichukue hata jani, na ada yake inabaki kwa jamii. Hakuna mgeni aliyekufa kwa kuvaa kaniki. Msitu umebaki, na makaya ya Wamijikenda yakaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Klabu za kujitolea zinaweza kufanya hivyo kwa urahisi kuliko kampuni yoyote, kwa sababu hazitafuti faida. Kiongozi asilipwe, sawa, hiyo ni heshima yake. Mwenyeji alipwe, na mchango wa safari uhesabu hilo tangu mwanzo pamoja na nauli na mafuta. Maji ya kunywa yatoke Isiolo mjini. Chifu na wazee wapigiwe simu wiki moja kabla, siyo gari likiwa limeshakwama mchangani. Safari itapanda bei kidogo, na wengine watalalamika kwenye kikundi cha WhatsApp. Walalamike.

Wenzetu wanaopanga safari za Desemba, hiyo simu ya Kipsing mmeshampigia nani?