Kutu Siyo Mwisho wa Somo: Maoni Juu ya Kufundisha Oksidi za Metali

Katika shule nyingi za msingi somo la kutu huendeshwa kwa mtindo mmoja. Mwalimu huandika ubaoni kwamba kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni, kwamba kutu huharibu vyombo, na kwamba kinga yake ni kupaka rangi au mafuta. Watoto hunakili, na somo hufungwa. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, sisi tunaona kwamba somo likifungwa hapo humwachia mtoto picha potofu. Huamini kwamba metali ikiisha kuungana na oksijeni imekufa, wala haina kazi tena. Kumbe simu anayoitamani haiwezi kufanya kazi bila oksidi za metali.

Rai yetu ni hii: oksidi ifundishwe kama kitu kipya chenye sifa zake, ambazo mtoto aweza kuzichunguza, isifundishwe kama ugonjwa wa chuma tu.

Tuanzie jikoni. Sufuria ya alumini haililiwi kama jembe lililoachwa mvuani. Sababu si kwamba alumini haiungani na oksijeni; huungana nayo upesi sana. Lakini oksidi yake ni utando mwembamba unaoshikamana na metali na kuizuia hewa isipenye. Kutu ya chuma, kinyume chake, hubanduka na kukiacha chuma kingine wazi. Basi oksidi moja hula, nyingine hulinda.

Oksidi hiyo hiyo ya alumini, ikiwa fuwele safi, haina rangi. Ikichanganyika na kromiamu kidogo tu, chini ya asilimia 1, huwa rubi, kito chekundu kama kile kinachochimbwa Longido, mkoani Arusha. Mwaka 1960, huko Marekani, Theodore Maiman alitumia fimbo ya rubi iliyotengenezwa na binadamu kutoa mwanga wa leza kwa mara ya kwanza. Mwanga huo ulitoka katika chembe za kromiamu zilizokaa ndani ya oksidi. Hapa mwalimu apata fundisho kubwa: mchanganyiko mdogo waweza kubadili sifa za kitu kizima.

Fundisho hilo ndilo linaloongoza kazi ya wataalamu wanaotafuta oksidi mpya. Tutazame kioo cha simu ya kugusa. Kwa kawaida kitu kinachopitisha umeme vizuri, kama shaba, hakipenyezi mwanga. Na kinachopenyeza mwanga, kama kioo cha dirisha, hakipitishi umeme. Simu yahitaji sifa zote mbili pamoja. Katika simu nyingi kazi hiyo hufanywa na utando wa oksidi ya indiamu iliyotiwa oksidi ya bati, yapata asilimia 10 ya uzito. Unene wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Bati huongeza elektroni zilizo huru kutembea, nazo hubeba umeme. Elektroni nyingine zimefungwa imara, na mwanga tunaouona hauna nguvu ya kutosha kuzing'oa. Kwa hiyo hupita bila kumezwa.

Mfano wa pili unagusa paa zetu. Zinki, metali inayopakwa juu ya mabati ili yasishike kutu, nayo ina oksidi: unga mweupe unaotiwa katika baadhi ya marhamu za ngozi. Mwaka 2004 Hideo Hosono na wenzake, huko Japani, walieleza jinsi walivyotengeneza transista zinazopenyeza mwanga, juu ya plastiki inayokunjika, kwa oksidi ya indiamu, galiamu na zinki. Atomi za oksidi hiyo hazikupangwa kwa safu kama katika fuwele; zimetawanyika kama katika kioo. Hata hivyo elektroni hupita ndani yake kwa wepesi unaozidi mara 10 ule wa silikoni isiyo na mpangilio. Leo oksidi hiyo hutumika katika skrini za baadhi ya televisheni na kompyuta.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni makubwa mno kwa mtoto, tena hayamo katika muhtasari. Hatusemi watoto wakaririshwe majina ya indiamu na galiamu. Huko kungekuwa kuongeza mzigo ule ule wa kunakili. Twasema wafanye mambo matatu. Kwanza, waunge betri ya tochi, waya na balbu, kisha waguse msumari wenye kutu nyingi. Aghalabu balbu haitawaka. Waukwangue kwa msasa hadi chuma king'ae, waguse tena, itawaka. Watakuwa wamegundua wenyewe kwamba metali na oksidi yake si kitu kimoja. Pili, walinganishe sufuria na jembe kuukuu, na waeleze kwa nini kimoja huliwa. Tatu, mwalimu aweke simu yake mezani. Mtoto mmoja aguse skrini kwa kidole, mwingine kwa kijiti kikavu. Kidole hupokewa kwa sababu mwili hupitisha umeme, kijiti hakipokewi. Swali la kuwaachia ni hili: umeme huo unapita wapi, nasi twaona kioo kitupu?

Mwanachuo asiogope swali hilo. Vifaa vyake havizidi misumari, msasa na betri, navyo hupatikana hata kijijini. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu kuacha kulichukulia somo kama orodha ya maelezo yaliyokwisha. Mtoto aliyefundishwa kwamba kutu ni uharibifu tu atajua kupaka rangi dirisha. Aliyefundishwa kuuliza oksidi hii ina sifa gani, na itakuwaje ikichanganywa na nyingine, ameanza kuuliza kama wanavyouliza wataalamu katika maabara. Sisi twaamini kwamba watoto wetu wote wastahili kufundishwa kwa njia hiyo ya pili, na kwamba kazi hiyo ianzie katika mazoezi yenu ya kufundisha.