Nyumba Zetu: Tufani Haingoji Ruhusa

Ndugu wasomaji, mwezi huu tumependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi halitajwi mpaka limekwisha bisha hodi. Nalo ni tufani, au kimbunga kama kiitwavyo siku hizi, pamoja na maji yake. Hatukusudii kumtisha mtu. Tunalo swali moja, na tungependa kila mwenye nyumba alijibu mbele ya watu wake: ikija khabari kwamba maji yanakuja, na baba hayupo, ni nani mwenye idhini ya kufungua mlango na kuwatoa watoto?

Swali hili si la mchezo. Wako wenzetu ambao jawabu lake liliwagharimu roho za watu.

Usiku wa tarehe 12 Novemba, 1970, nao ulikuwa usiku wa Ramadhani, tufani ilitoka katika Ghuba ya Bengal ikazipiga pwani na visiwa vya nchi ambayo leo ni Bangladesh, na wakati ule ilikuwa Pakistani ya Mashariki. Muuaji mkubwa hakuwa upepo. Tufani inapoikaribia pwani huisukuma bahari mbele yake na kuipandisha juu ya nchi kavu. Usiku ule maji hayo yalikutana na bamvua, kwani mwezi ulikuwa karibu kutimia. Visiwa vile ni tambarare, havina kilima cha kukimbilia. Waliokufa wanakisiwa kuwa baina ya watu 300,000 na 500,000. Khabari ya tufani ilikuwako kabla haijafika, lakini wengi haikuwafikia, na wengi waliofikiwa hawakujua uzito wake.

Tarehe 29 Aprili, 1991, ikaja nyingine karibu na mji wa Chittagong. Safari hii walikufa watu wapatao 138,000. Wachunguzi walipohesabu maiti waliona jambo la kuhuzunisha: kwa kila watu 1,000 wenye umri wa baina ya miaka 20 na 44, wanaume walikufa 15, na wanawake walikufa 71.

Kwa nini? Maji hayachagui mume wala mke. Lakini khabari zilitangazwa sokoni na barazani, mahali ambapo wanaume huambiana wao kwa wao, na nyingi hazikufika jikoni. Wako wanawake waliosikia, wakangoja waume zao warudi ndipo watoke. Wako walioona haya kuingia katika majengo ya kujikinga, kwa kuwa yalikuwa machache, yamejaa, na hayakuwa na sehemu yao mbali na wanaume. Na wengi walichukuliwa na maji huku wamewakumbatia watoto wao, na nguo ndefu zimewafunga miguu.

Ndugu zetu, tusiwe wepesi wa kuwalaumu watu wale. Walikuwa watu wa dini na wa staha, na nyumba zao hazikuwa mbali na mfano wa nyumba zetu. Haya ni pambo la Mwislamu, na ruhusa baina ya mume na mke ni adabu njema. Lakini wanavyuoni wetu wamekuhesabu kuihifadhi nafsi miongoni mwa mambo matano makubwa ambayo sheria imekuja kuyalinda, na dharura ina hukumu zake. Mume ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga mwema hamfungii kondoo zizini kwa kuwa yeye mwenyewe yuko safarini na mto umefurika. Basi ruhusa ya siku ya tufani yapasa itolewe leo, kungali na jua, tena mbele ya watoto, ili asiwepo hata mmoja wa kungoja.

Wako pia wasemao kwamba kukimbia ni upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Hao tunawakumbusha bedui yule aliyeamrishwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo ategemee. Na katika usiku wa baridi na mvua, mwadhini wa Mtume aliamrishwa kuwatangazia watu wasali majumbani mwao. Ikiwa hata wito wa sala ulibeba khabari ya mvua ili watu wasitaabike, vipi sisi tuione khabari ya tufani kuwa ni jambo la kudharau?

Watu wa Bangladesh walijifunza. Baada ya msiba wa 1970 Hilali Nyekundu pamoja na serikali yao waliunda chama cha watu wa kujitolea, nacho kilizidi kutiwa nguvu baada ya 1991. Leo wamepita 70,000, na nusu yao ni wanawake. Tufani ikikaribia, hutweka bendera, idadi yake ikiongezeka kadiri hatari inavyokua, nao hupita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti. Mwanamke humwendea mwanamke mwenzake ndani ya ua. Majengo ya kujikinga yameongezwa, na mengi yana vyumba vya wanawake. Tarehe 15 Novemba, 2007, ilipokuja tufani kali iitwayo Sidr, waliokufa walikuwa wapatao 3,400. Ni msiba bado, lakini si msiba wa 1991. Bahari ilikuwa ile ile; kilichobadilika ni njia ya khabari na desturi ya nyumba.

Huenda msomaji akasema, “Hayo ni ya Bengal, sisi huku yatuhusu nini?” Ni kweli kwamba pwani yetu imesitiriwa. Tufani hupata nguvu zake katika maji yenye joto lipatalo digrii 27, na huzungushwa na mzunguko wa dunia; karibu na ikweta mzunguko huo hauna nguvu ya kuizungusha. Lakini kusitiriwa si kusamehewa. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja merikebu za Sayyid Barghash na kung’oa sehemu kubwa ya mikarafuu, hata Pemba, ambayo haikudhurika sana, ikawa ndiyo mama wa karafuu. Aprili 1952 ikaipiga Lindi. Na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kikiwa kimekwisha pungua nguvu. Mwaka huo huo mvua za masika zilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 150 Tanzania na zaidi ya 200 Kenya, bila ya kimbunga chochote.

Hapa twataka kusema neno na vijana. Wako miongoni mwenu wanaopenda sana kufuatia mambo ya hewa: wanatazama picha za mawingu katika simu, wanapima mvua kwa chombo walichokitengeneza wenyewe, wanajua jina la kila kimbunga. Elimu hiyo ni njema, nanyi mwaweza kuwa masikio ya mtaa. Lakini khabari ni amana. Msieneze neno ambalo halikutoka kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mwenye kutangaza tufani ya uongo leo humfanya jirani asisadiki ya kweli kesho. Tena msiishie kuambiana wenyewe kwa wenyewe. Mwambieni mama yenu, kisha bibi wa nyumba ya pili asiyejua kusoma, kisha mgonjwa asiyeweza kutembea. Wala msiende pwani kuitazama bahari ikichafuka ili mpige picha. Bahari haimjui mtazamaji.

Basi tunawaomba mkae usiku mmoja, baada ya Isha, mkubaliane mambo machache. Kwanza, mahali pa kwenda: nyumba ya jamaa iliyo juu, au shule, au msikiti uliojengwa imara palipoinuka, na kila mtoto ajue njia yake. Pili, mama au mkubwa yeyote aliyepo nyumbani anayo ruhusa tangu sasa kuondoka na watu, bila ya kungoja simu wala mjumbe. Tatu, hati, dawa, tochi na maji ya kunywa viwekwe ndani ya mfuko mmoja. Nne, mtu asivuke maji yaendayo kasi. Maji yasiyofika hata magotini yaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 60 huchukua motokaa. Tano, upepo ukikoma ghafula katikati ya tufani, msitoke. Huenda hilo likawa ndilo jicho lake, na upepo utarudi kutoka upande wa pili. Sita, mwenye nguo ndefu ajifunge kibwebwe kabla ya kutoka, miguu ipate nafasi.

Mazungumzo haya hayazidi muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Mume atakayesema usiku huo kwa kinywa chake, “Siku hiyo msiningoje,” atakuwa amewaachia watu wake kitu kizuri kuliko kufuli na komeo. Nasi twamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zenu na zetu, awarehemu waliochukuliwa na maji, na atujaalie tuwe katika wenye kusikia kabla ya kufikwa. Amin.